Mji Uliotajwa Mara Mbili

Na tuwachukue kwa mfano wanagenzi wawili wa lugha ya C, ile aliyoiasisi Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, yapata mwaka 1972: mmoja yuko Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na wa pili yuko Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992. Wote wameandika programu moja, herufi kwa herufi, ya kusoma faili yenye majina ya miji kwa utaratibu wa barabara itokayo kusini: Lokichar, Lodwar, Kakuma, kila jina na mstari wake. Yule wa Lodwar hupata majina matatu. Mwenziwe hupata manne, kwani Kakuma imetajwa mara mbili, na papo hapo lawama huiangukia kompyuta.

Walakini kompyuta haina hatia. Programu hiyo imeamriwa kila duru iulize kwanza, kwa feof, kama mwisho wa faili umekwisha kufikiwa, ndipo isome mstari kwa fgets na kuuchapa. Hapo ndipo penye ila, maana feof haitabiri yajayo. Hueleza tu kwamba usomaji uliopita uliugonga mwisho, mfano wa kisima kichimbwacho katika mchanga wa laga, yaani mto mkavu, ambacho mchotaji hajui kuwa kimekauka ila kata ikishapanda tupu. Baada ya Kakuma na alama ya kushuka mstari iliyoifuata, mwisho haujagongwa bado. Basi duru ya nne huanza, fgets hukosa cha kusoma na kurudisha NULL, ishara ya kukosa, na kwa kuwa jibu hilo halikutazamwa, jina lililobaki katika kumbukumbu huchapwa tena.

Mbona basi Lodwar kosa halikuonekana? Kwa sababu mwandishi wa faili ya huko hakubonyeza Enter baada ya jina la mwisho, hata fgets ikaugonga mwisho ilipokuwa ikisoma Kakuma yenyewe. Kosa lilikuwamo kotekote. Kwa mmoja lilisitirika.

Dawa ni kuufanya usomaji wenyewe kuwa sharti: programu izunguke maadamu fgets haijarudisha NULL. Kadhalika jibu la fopen, ifunguayo faili, sharti litazamwe, kwani nayo hurudisha NULL faili isipopatikana, aghalabu kwa jina lililokosewa. Kisha programu ijaribiwe kwa faili tupu, kwa isiyo na Enter mwishoni, na kwa isiyokuwako kabisa, maana kufaulu kwa faili moja si ushahidi wa kutosha.