Pampu ya oili au pampu ya mafuta?

Neno mafuta hubeba mengi: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, hata petroli na dizeli. Gereji, «pampu ya mafuta» ni ile ipelekayo petroli au dizeli kwenye injini. Isukumayo kilainishi ni pampu ya oili. Mfasiri asiyezitenganisha humwacha fundi njia panda.

Tofauti hiyo hudhihirika injini inaposhushwa. Pampu ya oili hufunguliwa, gia zake zikakaguliwa, na nafasi iliyopo kati ya meno na kasha ikapimwa kwa vibamba vyembamba vya kupimia. Kukagua ni kwa jicho. Kupima hutoa tarakimu, nayo hulinganishwa na kikomo cha mtengenezaji. Oili huipitia pampu kabla ya kufika kwenye filta, hivyo chembe za chuma huikwaruza yenyewe kwanza. Springi ya vali iliyochoka hubadilishwa. Kasha lililochimbika halina ukarabati wa kuaminika, heri pampu mpya.

Kabla ya kurudishwa, pampu hujazwa oili ili isivute hewa. Mwongozo ukisema «ijazwe mafuta», mwanafunzi akatia dizeli, beringi zitakosa kinga katika mizunguko ya kwanza kabisa.