Kibao cha Kijani Ndani ya Kompyuta

Anayeifungua kompyuta iliyokufa hukuta ndani yake kibao cha kijani chenye mistari myembamba na vipande vidogo vidogo vilivyopachikwa juu yake. Mafundi hukiita bodi. Kibao hicho ndicho kinachoviunganisha viungo vyote vya mtambo, hata kioo tunachokitazama.

Zamani redio ziliungwa kwa mkono, waya mmoja baada ya mwingine. Paul Eisler, mhandisi Myahudi kutoka Vienna aliyehamia London mwaka 1936, ndiye aliyeonyesha kwamba nyaya hizo zinaweza kuwa utando wa shaba uliobandikwa juu ya kibao. Hadi leo kanuni ni ile ile. Kitambaa cha nyuzi za kioo hugandishwa kwa gundi ya epoksi, kisha hufunikwa kwa shaba. Mistari inayotakiwa hukingwa, na dawa huila shaba iliyobaki wazi. Kinachosalia ndiyo njia ya umeme. Bodi nyingi za leo zina tabaka kadhaa za namna hiyo. Kijani chenyewe, kwa taarifa tu, ni rangi ya kukinga.

Vipande vilivyo juu yake hushikizwa kwa bati lililoyeyushwa. Sehemu za kuunganishia hupakwa dhahabu, na vipande vingine vina tantalamu, inayotokana na koltani. Sehemu ya koltani ya dunia huchimbwa kwa mikono huko Rubaya, Kivu ya Kaskazini, mahali palipotekwa na kundi la M23 mwaka 2024. Hivyo bodi tunayoitupa jalalani imebeba jasho la watu, pengine na damu yao.

Nayo haiozi. Bodi za zamani ziliungwa kwa bati lililochanganywa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Umoja wa Ulaya uliyazuia katika vifaa vingi mwaka 2006. Aidha, nyingi zina kemikali za bromini za kuzuia moto. Anayezichoma ili apate shaba huvuta moshi wenye sumu ya dioksini, nayo majivu huishia udongoni na majini.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Taka hizi zimetajwa pia katika Waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aya ya 21.

Kwa hiyo tunaziomba parokia na shule zenye kompyuta mbovu stoo zisizichome wala kuzifukia katika shimo la taka. Zihifadhiwe pakavu, mbali na watoto. Fundi aulizwe kwanza, kwa kuwa mara nyingi kilichokufa ni kipande kimoja tu cha bei ndogo. Zisizotengenezeka zipelekwe zikiwa nzima, bila kuvunjwavunjwa, kwa mkusanyaji mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira.