Turu ndogo katika atelie ya koperative: mwaka mmoja wa kujifunza kwa makosa

Ndugu wanachama, wengi wenu mmepita kwenye atelie yetu hapa Kasongo na kuuliza ile mashini ndogo ya kijivu inafanya kazi gani. Wengine hawakuuliza, walisema tu kwamba pesa ya mupunga imekuwa kitu cha kuchezea. Tunawapa haki kidogo. Kwa miezi ya kwanza ilikuwa hivyo kweli.

Vitabu vinaiita kerezo. Mafundi wetu wanaiita turu. Inashika chuma na kukizungusha, kisu kinasogea pembeni na kukikata mpaka kiwe mviringo kamili. Hii yetu ni ya kuweka mezani. Kati ya mandreni na ncha ya pili inapokea chuma cha sentimita 35, si zaidi. Kwa hiyo tuseme wazi tangu mwanzo: akisi ndefu ya dekortikezi haiingii, hiyo bado inapanda pikipiki mpaka Kindu. Lakini akisi fupi ya mulen ya muhogo, bushi, pini na pulii ndogo, hizo tunaziweza. Na ni vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyosimamisha mulen wiki tatu wakati akina mama wanangoja bunga.

Kazi ya kwanza ilituaibisha. Ilikuwa akisi ya mulen, yenye rulema mbili za 6206, ambazo tundu lake ni milimita 30. Fundi alipima upande wa mandreni, rulema ikakaa vizuri, akaamini upande wa pili uko sawa vilevile. Hakupima. Siku ya tatu mulen ikaanza kulia, siku ya nne rulema imekula akisi. Kwenye mkutano mwanachama mmoja alisimama akasema: «Ile mashini muiuze tu, tununue magunia.» Karibu nusu ya mkutano walipiga makofi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyefanya kazi zamani katika atelie za treni. Hakugusa mashini kwanza. Aliinama akaangalia meza.

Meza yetu ilikuwa ya mbao za mwembe, zilizopasuliwa mwezi uleule, bado mbichi. Mbao ilipokauka ikajikunja, na kitanda cha turu kilichofungwa juu yake kikajikunja pamoja nayo. Chuma kinaonekana kigumu, lakini kwa kazi ya sehemu za mia za milimita kinapinda kama ukuti. Tulitengeneza meza nyingine ya mbao ngumu iliyokauka miaka, miguu tukaizika katika beto.

Kisha mzee akatufundisha kipimo ambacho sasa tunakirudia kila mwezi. Shika kwenye mandreni kipande cha chuma kinene, milimita 30 hivi, kitoke nje sentimita 15, bila kukiegemeza kwenye ncha ya pili. Kata kidogo sana, mara moja, kutoka mwisho hadi mwanzo. Pima kwa mikrometa karibu na mandreni, pima tena mwisho. Kama mwisho ni mnene zaidi, weka kipande cha bati chini ya mguu wa mbali na mandreni, ule ulio upande wako wewe unayesimama. Kama mwisho ni mwembamba, bati liende chini ya mguu wa nyuma yake. Kaza buloni, kata tena, pima tena. Sisi tulitumia bati la kopo la maziwa na tulirudia mara saba. Tofauti ikashuka mpaka 0,02. Baada ya hapo tu ndipo uegemeze chuma kwenye ncha ya pili na upime tena; kama sasa kimeharibika, kosa ni la ncha hiyo, usirudie kugusa miguu.

Urefu wa kisu nao ulikuwa unatusumbua. Bana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na kile chuma cha mviringo, mashini ikiwa imezimwa. Rula ikisimama wima, kisu kiko sawa. Kichwa chake kikilala kuelekea kwako, kisu kiko chini, kiinue. Kikilala upande wa chuma, kisu kiko juu. Dakika moja tu, na hakuna haja ya kununua kitu.

Mwendo pia. Tulidhani kasi ndiyo ufundi. Kwa chuma laini cha milimita 30 na kisu cha kawaida, mizunguko 250 hadi 300 kwa dakika inatosha. Chuma cha milimita 60, nusu yake. Tunadondosha mawese kidogo mahali kisu kinapokata. Msicheke: viwanda vya bati huko Wales, Uingereza, vilitumia mawese kwa miaka mingi. Harufu yake tu ndiyo inayowaletea watu njaa.

Hasara kubwa ilitoka kwenye kura. Moteri ya turu hizi ndogo inaongozwa na kadi ya elektroniki, na gurupu yetu kuukuu inapanda na kushuka. Kadi ikaungua. Badala ya kuagiza nyingine tuliweka moteri ya kawaida isiyo na kadi, na pulii za ngazi tatu. Ukitaka kubadili mwendo unahamisha mkanda. Inachukua muda, lakini tangu hapo haijaungua kitu. Pulii tulizikata palepale, kabla ya kadi kufa kabisa. Hiyo ilikuwa bahati, si akili.

Sheria za atelie haziko nyingi. Kitenge au mikono mirefu haikaribii mandreni inayozunguka, wala glavu. Vipande vilivyokatwa vinaondolewa kwa ndoano, si kwa vidole. Ufunguo wa mandreni hauachwi ndani yake hata kwa kusalimiana na mgeni: moteri ikiwaka, ule ufunguo unaruka.

Ile akisi iliyotuaibisha tuliisuderi, tukaikata upya, na mulen inasaga mpaka leo. Mwezi uliopita wenzetu wa upande wa Kabambare walileta yao juu ya pikipiki, wakarudi nayo kesho yake. Swali la kuuza mashini halijarudi kwenye mkutano, ila la bei limebaki: mwanachama alipe petroli tu, au na kazi ya fundi? Tutalijadili pamoja.

Ukija na akisi, tafadhali lete na rulema yake, hata kama ni mbovu. Tunapima tundu, hatupimi maneno.