Heshima si utumwa, hata angani

Mwanafunzi mmoja wa sekondari mjini Isiolo, nilipokwenda huko kuzungumza na walimu wa Kiswahili, aliniuliza swali lisilohusu ngeli wala ushairi: rubani akizirai angani, abiria watafanyaje? Si ajabu swali hilo kuulizwa Isiolo, mji wenye uwanja wa ndege uliokaa mpakani mwa kaunti mbili, Isiolo na Meru.

Jibu la kwanza ni jepesi. Ndege kubwa ya abiria haikabidhiwi mtu mmoja. Huwa na marubani wawili, na kila mmoja anaweza kuitua peke yake. Hupimwa afya kila mwaka, na aliyetimiza miaka 60 hupimwa kila baada ya miezi 6. Mashirika mengi huwataka hata wale vyakula tofauti, ili chakula kibovu kisiwaangushe wote wawili. Tarehe 9 Oktoba 2024, rubani mkuu wa ndege ya Turkish Airlines iliyotoka Seattle kwenda Istanbul alipoteza fahamu, akafariki kabla ya kutua, ingawa alikuwa amepimwa afya mwezi Machi mwaka huohuo. Wenzake waliishika ndege, wakaitua New York salama.

Jibu la pili ni zito, nalo ndilo linalonigusa mimi mwanaisimu. Si kila rubani anayeshindwa huanguka. Mwingine hubaki ameketi wima, macho yamefumbuliwa, mikono i usukanini, ilhali akili haimo tena katika kazi. Nani atatambua? Marubani wana kanuni: mwenzako akisemeshwa mara mbili asijibu ipasavyo, mchukulie kuwa hajiwezi, nawe ushike usukani. Yaani kimya kimepewa maana, na maana hiyo huhamisha madaraka papo hapo, bila kujali umri wala cheo. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Funzo hilo lilipatikana kwa gharama kubwa. Tarehe 18 Juni 1972, ndege ya Uingereza aina ya Trident ilianguka Staines, karibu na London, wakafa watu wote 118. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani mkuu alikuwa na maradhi ya moyo yaliyomvurugia umakini na uamuzi. Kando yake aliketi kijana wa miaka 22 mwenye uzoefu mdogo.

Sisi nasi tuna msiba wetu. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliyotoka Douala, Kameruni, kuja Nairobi ilianguka kwenye kinamasi muda mfupi baada ya kupaa. Watu wote 114 walikufa. Rubani mkuu, mwenye umri wa miaka 52, hakuwa amezirai. Gizani alipotewa na mwelekeo, asijue ndege imelalia upande gani. Mtambo wa kujiendesha, aliodhani umeshika kazi, haukuwa umeshika. Msaidizi wake alikuwa na miaka 23. Ripoti ya uchunguzi ilitaja ukosefu wa ushirikiano baina yao, mkubwa akiwa mwenye kutawala na mdogo mpole asiyethubutu kupinga. Msaidizi alipopaza sauti hatimaye, alitaja kulia, kisha akajisahihisha: kushoto. Wakati ulikuwa umekwisha.

Je, kijana yule alifunzwa wapi kunyamaza? Siwezi kumsemea marehemu. Lakini najua tunavyowalea watoto wetu. Katika darasa la Isiolo hukaa pamoja watoto wa Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasomali, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Sote tumewakaririsha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ina hekima yake, lakini haikutungwa kwa ajili ya mkuu aliyepotewa na mwelekeo.

Yamkini msomaji ataniuliza: je, tuwafunze watoto utovu wa adabu? Hasha! Lugha yetu ina adabu isiyoficha ukweli. Mwanafunzi akisema, "Samahani mwalimu, jibu la swali la tatu si sahihi," amemheshimu mwalimu na pia amesema kweli. Akisema, "Mwalimu, sijui kama labda pengine tungetazama tena," heshima imebaki lakini ukweli umefifia. Angani tofauti hiyo ni ya uhai na mauti. "Kapteni, tunalalia kulia. Geuza kushoto." Cheo kimetajwa, hatari imetajwa, na la kufanya limetajwa. Kapteni asipojibu, yanarudiwa. Asipojibu tena, linafuata neno moja tu: "Nashika usukani."

Si marubani peke yao wanaohitaji lugha hii. Muuguzi anayemwona daktari akiandika kipimo kisichofaa anaihitaji, na utingo anayemwona dereva akisinzia njiani kwenda Marsabit anaihitaji vilevile. Wote hao walipita mikononi mwa mwalimu fulani.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, somo hili halingojei mtaala mpya. Siku mwanafunzi atakaponyoosha mkono na kusema kwamba ubaoni pana kosa, darasa zima litakuwa likikutazama wewe, si yeye. Ukimkaripia, wanafunzi arobaini watakuwa wamejifunza kunyamaza. Ukimwambia, "Ahsante, hebu tulitazame pamoja," watakuwa wamejifunza kusema.