Kicheko, Kilio na Nusu Saa: Visa vya Televisheni ya Marekani (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliona jinsi televisheni ya Marekani ilivyorithi vichekesho vyake kutoka redioni, na jinsi makampuni ya sigara na sabuni yalivyovigharimia. Leo tuingie kwenye kazi yenyewe ya mtunzi. Amepewa nusu saa, na matangazo ya biashara yanamla dakika kadhaa humo humo. Wahusika wake ni wale wale wa wiki jana. Afanye nini ili mtazamaji asibanduke kitini, na wiki ijayo arudi tena?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa sheria moja, nayo haikuhitaji kuandikwa: kila kilichovurugika kirudi mahali pake kabla ya muziki wa mwisho. Mke na mume wakigombana, wapatane. Kazi mpya ikipatikana, ipotee. Sheria hiyo ilikuwa na faida ya kibiashara pia, maana vipindi vilivyohifadhiwa kwenye filamu viliuzwa baadaye kwa vituo vya mikoani, navyo vikavirudia miaka nenda miaka rudi. Kisa kisichotegemea cha jana wala cha kesho kingeweza kuonyeshwa siku yoyote. Wapo wanaoidharau sheria hii wakidhani ni uvivu wa watunzi. Mimi naona ndiyo iliyowafunza ufundi.

Tazama "I Love Lucy", iliyoanza kuonyeshwa na CBS tarehe 15 Oktoba 1951. Lucille Ball aliigiza Lucy, na mumewe halisi, Desi Arnaz, mzaliwa wa Cuba, akaigiza Ricky. Wakati vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, wao walipiga filamu Hollywood kwa kamera tatu, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Msimamizi wa kamera alikuwa Karl Freund, yule yule aliyepiga picha za filamu ya "Metropolis" huko Ujerumani. Vicheko tunavyovisikia hadi leo ni vya watu waliokuwapo ukumbini siku hiyo.

Kisa kinachoitwa "Job Switching" kilionyeshwa tarehe 15 Septemba 1952. Ricky anagundua kwamba hundi ya Lucy imerudishwa na benki. Nyuma yake Lucy ameandika maneno ya kumsihi karani asiipitishe hadi mwezi ujao. Ugomvi unazuka. Nani anachoka zaidi, anayetoka kwenda kutafuta pesa au anayebaki nyumbani? Basi wabadilishane. Lucy na jirani yake Ethel wanakwenda kutafuta kazi, Ricky na Fred, mume wa Ethel, wanabaki na jiko.

Wanaume wanapika wali na kuku. Ricky anakadiria mchele ratili moja kwa kila mtu, na wao ni wanne. Aliyewahi kusimama mbele ya sufuria anajua kitakachofuata: wali unafura, unainua kifuniko, unamwagika hadi sakafuni. Kuku nao wako kwenye sufuria ya presha, na hatimaye wanaruka hadi darini.

Lakini fundo la kisa liko kiwandani. Baada ya kushindwa kwingine, Lucy na Ethel wanawekwa mbele ya mkanda unaopitisha chokoleti, wazifunge kwa karatasi moja moja. Msimamizi, mama mkali, anawapa onyo: ikipita hata moja bila kufungwa, wote wawili hawana kazi. Mkanda unaanza polepole na wao wanatabasamu. Kisha unakaza mwendo. Mikono inashindwa, kwa hiyo chokoleti zinaingia mdomoni, kwenye kofia, kifuani ndani ya nguo. Msimamizi anarudi, anautazama mkanda, haoni hata moja iliyoponyoka. Anafurahi kwa kazi nzuri, na anaamuru mkanda uongezwe kasi.

Angalia jinsi fundo hilo lilivyofungwa. Wanaadhibiwa kwa sababu wamefaulu kuficha. Kadiri wanavyoficha vizuri ndivyo mzigo unavyozidi. Mtunzi angeweza kuwafumania na kuwafukuza papo hapo, tukacheka kidogo, yakaisha. Jioni sheria inatimia: waume wanakiri kushindwa na kuomba mambo yarudi yalivyokuwa, kisha wanawakabidhi wake zao zawadi. Ni maboksi ya chokoleti.

Sasa turuke zaidi ya miaka ishirini. "M*A*S*H" ilianza mwaka 1972, wakati Marekani bado inapigana Vietnam. Kisa chake kiko katika hospitali ya jeshi kwenye vita vya Korea vya 1950 hadi 1953, lakini kila mtazamaji alijua vita gani vinazungumzwa. CBS ilishikilia kwamba kipindi kiwe na vicheko vya kurekodiwa. Watengenezaji walipinga, na wakapata jambo moja: ndani ya chumba cha upasuaji vicheko visisikike. Kwa hiyo mtazamaji wa Marekani alizoea, pengine bila kujijua, kwamba penye meza ya upasuaji pana ukimya.

Mwaka 1975 McLean Stevenson, aliyeigiza mkuu wa hospitali, Luteni Kanali Henry Blake, alitaka kuondoka. Kwa desturi, mhusika kama huyo hupewa safari njema na kusahauliwa. Sehemu yake ya mwisho, "Abyssinia, Henry", ilionyeshwa tarehe 18 Machi 1975. Msomaji wetu akiona jina hilo atafikiri Uhabeshi, lakini halihusiani na nchi hiyo. Neno hilo likitamkwa haraka kwa Kiingereza husikika kama maneno ya kuagana, yenye maana ya tutaonana.

Karibu sehemu yote ni furaha ya kuaga. Henry amemaliza muda wake na anarudi kwa mkewe na watoto, Bloomington, Illinois. Wanakunywa, wanampa suti mpya. Karani wake, koplo kijana anayeitwa Radar, anampigia saluti kwenye kiwanja cha helikopta. Henry anaanza kupanda, kisha anageuka, anarudi mbio na kumkumbatia kijana yule. Hapo sheria ya zamani ilikuwa imetimia, na kisa kingeweza kuishia hapo.

Ukurasa wa mwisho wa mswada haukugawiwa kwa waigizaji pamoja na kurasa nyingine. Watengenezaji wa kipindi, Larry Gelbart na Gene Reynolds, waliuficha hadi siku ya kuupiga. Tunaona chumba cha upasuaji, madaktari wakiwa kazini. Radar anaingia bila barakoa, na mmoja wa madaktari anamkumbusha aivae. Haivai. Anasoma ujumbe: ndege ya Henry Blake imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyenusurika. Hakuna anayejibu. Mikono inaendelea kushona majeraha, kwa sababu mgonjwa yuko mezani. Kifaa kimoja kinaanguka na kulia sakafuni. Kilimponyoka mtu kwa bahati mbaya, nao wakaiacha sauti hiyo ibaki.

Barua za hasira zilimiminika. Watu walijiona wamesalitiwa, na ninawaelewa, kwa sababu ahadi ya miaka mingi ilikuwa imevunjwa mbele yao. Lakini bila ahadi hiyo pigo lisingekuwa na uzito. Wiki sita baadaye Saigon ikaanguka.

Mwaka huo huo, tarehe 25 Oktoba, "The Mary Tyler Moore Show" ilionyesha "Chuckles Bites the Dust", iliyoandikwa na David Lloyd. Mchekeshaji wa watoto, akiwa amevaa kama karanga kwenye gwaride, anauawa na tembo aliyetaka kumbambua. Ofisini kwa Mary, mhusika mkuu, wote wanashindwa kujizuia kucheka, isipokuwa yeye, anayewakemea. Siku ya mazishi wao wametulia, na Mary ndiye kicheko kinachomshika kanisani. Mchungaji anamwambia acheke tu, marehemu angependa hivyo. Ndipo anapoangua kilio. Kwa Mtanzania aliyeona watani wakifanya vituko msibani, hapa hakuna kigeni: kicheko kimepewa ruhusa, na machozi yakapata njia.

Hiyo, kwangu, ndiyo nusu saa bora kuliko zote nilizozitaja. Mwenye nafasi aitazame kabla ya Jumapili ijayo, kwa kuwa sehemu ya nne itaanza na mazishi hayo kabla ya kuingia kwa Rod Serling na "The Twilight Zone".