Picha za somo zisimalize bando la mwanafunzi

Chukulia somo la magonjwa ya muhogo limewekwa mtandaoni likiwa na picha 30. Kila picha ina MB 4, kama ilivyotoka kwenye simu ya mpiga picha. Msikilizaji wetu anayelifungua akiwa Ukara au Kome atatumia MB 120, na huenda bando likaisha kabla hajafika mwisho.

Watengenezaji wengi wa masomo hukimbilia kushusha ubora. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Batobato hukunja jani na kulidumaza. Michirizi ya kahawia hailikunji. Huacha rangi ya njano kandokando ya mishipa yake. Sasa, JPEG, aina ya faili inayotumiwa na simu nyingi, hupunguza uzito kwa kutupa yale ambayo jicho haliyaoni kirahisi, na tofauti ndogo za rangi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kutupwa. Ukiibana mno, ile njano hafifu inamezwa na kijani. Mkulima aliyejifunza kwa picha hiyo atachukua mbegu kwenye shina linalougua, na mihogo itamwozea ardhini.

Cha kupunguza kwanza ni vipimo. Simu ya pikseli milioni 12 hutoa picha yenye upana wa pikseli 4,000 hivi, wakati vioo vya simu nyingi vina upana wa 720 au 1,080. Zinazozidi mwanafunzi anazilipia bila kuziona. Punguza upana hadi 1,200, uhifadhi kwa ubora wa asilimia 80. Mara nyingi picha itashuka hadi KB 300 hivi, na zote 30 zitakuwa MB 9. Kabla ya hapo kata kingo. Kama somo ni jani, shamba zima la nini?

Michoro yenye maandishi ihifadhiwe kwa PNG, kwa sababu JPEG huacha ukungu kuzunguka herufi. Jedwali lichapwe tu kama maandishi.

Halafu kuna WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, basi anayekutumia aitume kama dokumenti. Tunza ile ya asili, maana JPEG ikirekebishwa na kuhifadhiwa upya hupoteza kitu kila mara, na kilichopotea hakirudi.

Mwisho, usilipime somo kwa intaneti ya ofisini. Lifungue kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando lako mwenyewe, uitafute ile njano.