Usambamba wa Wahusika katika Kichwamaji: Ndoto za Utotoni na Uaminifu kati ya Kazimoto na Manase

1.0 Utangulizi

Kichwamaji (1974) ni riwaya ya pili ya Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, na kufariki dunia mwaka 2020. Ilitanguliwa na Rosa Mistika (1971), ikafuatwa na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Kwa muda mrefu riwaya hii imehakikiwa hasa kwa kuzingatia falsafa ya udhanaishi: upweke wa mtu, ukosefu wa maana katika maisha, na uamuzi wa mhusika mkuu wa kujiua. Uhakiki wa namna hiyo una msingi katika matini yenyewe. Hata hivyo, una kasoro moja: humtenga Kazimoto na watu wanaomzunguka, na kumfanya Manase aonekane kuwa chanzo tu cha maafa yake, yaani mhalifu ambaye kazi yake katika msuko ni kumpa shujaa sababu ya kuteseka.

Makala haya yanachunguza uhusiano wa wahusika hao wawili kwa mtazamo tofauti. Hoja inayotetewa ni kwamba Kazimoto na Manase ni wahusika sambamba, walioanzia katika utoto mmoja na matumaini ya namna moja, na kwamba kinachowafananisha hatimaye ni uaminifu wenyewe, ule unaodhaniwa kuwatofautisha. Katika kuijenga hoja hiyo, riwaya hii italinganishwa kwa ufupi na kazi mbili nyingine zilizochimbuka Ukerewe: Rosa Mistika, na masimulizi ya Aniceti Kitereza kuhusu Myombekere na Bugonoka.

2.0 Dhana ya Usambamba

Ni muhimu kutofautisha mhusika kinzani na mhusika sambamba. Mhusika kinzani huwekwa mbele ya mhusika mkuu ili tofauti zao zionekane: mwema na mwovu, mkarimu na bahili, mjanja na mjinga. Ngano zetu nyingi hutumia mbinu hiyo, na msikilizaji hujua tangu mwanzo upande wa kuegemea. Wahusika sambamba ni tofauti. Hao huanzia mahali pamoja, hupewa nyenzo zinazokaribiana, kisha hupitishwa katika njia mbili ili msomaji apime mambo mawili: yale yaliyotokana na hiari ya kila mmoja wao, na yale yaliyotokana na malezi na mazingira yaliyowakuza wote.

Kwa hiyo usambamba si pambo la kifani tu. Ni njia ya kuuliza swali la kimaadili. Ikiwa vijana wawili wametoka katika kijiji kimoja na mmoja akamdhuru mwenzake, je, kosa ni la mtu, au ni la ndoto iliyowalea wote wawili?

3.0 Ndoto ya Utotoni na Deni Lake

Kazimoto, mwana wa Mafuru, na Manase, mwana wa Kabenga, ni marafiki tangu utotoni. Wote wawili wanapata elimu inayowatoa kijijini. Mwanzoni mwa riwaya Kazimoto ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliye likizoni, naye anasubiri katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya; mwenye ofisi ni Manase. Hali hiyo inatoa muhtasari wa uhusiano wao wa utu uzimani. Utoto uliwaweka katika uwanja mmoja wa michezo. Elimu imewaweka upande huu na upande ule wa meza.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, ni lazima kukumbuka maana ya shule kwa mtoto wa Ukerewe katika kipindi hicho. Kusoma zaidi kulimaanisha kuvuka ziwa kwenda Mwanza, na kutoka hapo kwenda mbali zaidi. Aliyevuka hakuvuka peke yake: alibeba matumaini ya wazazi na ya ukoo mzima. Ndoto ya kusoma ilikuwa mali ya mtoto, lakini ilikuwa pia deni. Julius Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu aliyepewa na wanakijiji wenye njaa chakula chao chote ili apate nguvu za kwenda kuwaletea msaada kutoka mbali. Asiporudi nao, huyo ni msaliti. Mfano huo ulipata uzito zaidi baada ya maandamano ya wanafunzi wa Chuo Kikuu mjini Dar es Salaam ya Oktoba 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyosababisha wanafunzi karibu 400 kurudishwa makwao, na baada ya kutolewa kwa Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Kezilahabi, aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, alikisikia kizazi chake kikidaiwa.

Manase ni mfano wa mdaiwa aliyekataa kulipa. Anarudi akiwa na cheo, na anakitumia kujinufaisha. Anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anafariki, na mama yao anamfuata kaburini. Msichana aliyepaswa kuwa kama dada kwa Manase, kwa desturi ya urafiki wa utotoni, ndiye aliyeangamizwa naye. Hapa usemi wa wahenga kwamba kikulacho ki nguoni mwako unapata maana kamili.

4.0 Uaminifu Unaogeuka Kisasi

Kufikia hapo msomaji huelekea kumhukumu Manase na kumhurumia Kazimoto. Lakini msuko haumwachi msomaji atulie katika hukumu hiyo. Kwa kutaka kuwa mwaminifu kwa dada yake marehemu, Kazimoto anaazimia kulipiza kisasi, na njia anayoichagua ni kumfanyia Sabina, dada yake Manase, kama Manase alivyomfanyia Rukia. Uaminifu kwa dada mmoja unadai dada mwingine aangamizwe. Katika azimio hilo Sabina si mtu. Ni kipimo cha kusawazishia hesabu ya wanaume wawili, kama Rukia alivyokuwa kitu cha starehe tu kwa Manase.

Hiki ndicho kiini cha usambamba katika riwaya hii. Kazimoto anamwiga Manase kwa sababu anamchukia. Ni kweli kwamba azimio lake halitimii kama alivyolipanga, kwani anampenda Sabina na kumwoa. Upendo huo ungeweza kuwa njia ya kutoka katika mzunguko wa kisasi. Hata hivyo, riwaya inaonyesha kwamba wahusika hawa wameshafanana kwa namna ambayo ndoa haiwezi kuifuta. Manase ana ugonjwa, na mtoto wake ana kichwa kikubwa kisicho cha kawaida. Kazimoto naye ana ugonjwa uleule. Mtoto wake na Sabina anazaliwa na kichwa cha namna hiyo na hapati kuishi. Baada ya hapo Kazimoto anajiua.

Jina la riwaya linapata maana mbili kwa pamoja. Katika matumizi ya kawaida, kichwamaji ni mtu asiyetumia akili zake barabara. Kwa watoto hawa, neno hilo linakuwa maelezo ya mwili. Kichwa cha baba, kilichojazwa elimu isiyomnufaisha mtu, kinarithiwa na mtoto kama ulemavu. Ndoto ya utotoni ilikuwa juu ya kichwa, yaani akili na masomo; adhabu nayo inashukia kichwani. Na adhabu hiyo haibagui kati ya aliyetenda na aliyeazimia kulipiza.

Jambo jingine la kuzingatia ni nafsi ya usimulizi. Kichwamaji inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe. Kwa hiyo msomaji anamwona Manase kwa macho ya mtu anayemdai, wala hapewi nafasi ya kuusikia utoto wao ukisimuliwa na upande wa pili. Uteuzi huo wa nafsi ya kwanza unadai msomaji awe na tahadhari: msimulizi anayelalamika kwamba amesalitiwa ndiye pia anayemficha Sabina nia yake ya awali.

5.0 Uaminifu kwa Mtu na Uaminifu kwa Ndoto

Tatizo hili lilikwisha kudokezwa katika Rosa Mistika. Rosa akiwa bado mtoto anapigwa vibaya na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na kijana Charles. Miaka inapita, Rosa anasoma Mwanza, kisha Morogoro, na maisha yake yanaharibika. Anapokutana tena na Charles wanakusudia kuoana, lakini Charles anamkataa baada ya kutambua kuwa si bikira, na Rosa anajiua. Yaelekea Charles anajiona mwaminifu. Swali ni: mwaminifu kwa nani? Anakuwa mwaminifu kwa msichana wa ile barua, yaani kwa picha ya utotoni, na kwa ajili ya picha hiyo anamkana mwanamke aliye mbele yake. Kazimoto naye ni mwaminifu kwa marehemu kiasi cha kuwa tayari kumdhuru aliye hai.

Ulinganisho na Kitereza unasaidia kuonyesha kilichopotea. Kitereza aliandika kazi yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake ya Kiswahili ilichapishwa katika juzuu mbili mwaka 1980. Humo wakwe wanamchukua binti yao, Bugonoka, kwa kuwa hajazaa. Myombekere hamwachi mkewe. Anakwenda kumdai, na baba mkwe, Namwero, anamtoza pombe ya ndizi kabla ya kumrudisha. Faini inalipwa, mganga anatafutwa, na hatimaye wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali. Uaminifu wa Myombekere si hisia iliyofungiwa moyoni; unapitia utaratibu unaojulikana na pande zote mbili, wenye kiwango, mashahidi na mwisho.

Kati ya Kazimoto na Manase hakuna pombe ya kulipwa. Cheo cha mmoja na usomi wa mwingine vimewaweka nje ya utaratibu wa wazee, na dola mpya haijawapa utaratibu mwingine unaoweza kupima damu ya Rukia. Deni lisilo na mahali pa kulipiwa hubaki ndani ya mdai, likamtafuna.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kazimoto na Manase ni wahusika sambamba waliolelewa na ndoto moja, na kwamba uaminifu wa Kazimoto, kwa kukosa njia ya kijamii ya kutimizwa, unamfanya awe nakala ya mtu anayemchukia. Usomaji huu haupuuzi udhanaishi wa Kezilahabi, bali unauweka mahali pake: kifo cha Kazimoto si cha mtu aliyekosa maana ya maisha peke yake, ni cha mtu aliyeiona sura ya Manase katika mtoto wake mwenyewe. Kwa wahakiki, lililo muhimu ni kutoharakisha kugawa wahusika wa riwaya hii katika wema na waovu. Rukia na Sabina, wasiopewa nafasi ya kusimulia, ndio wanaobeba gharama ya urafiki wa wanaume hao na ya uadui wao pia. Uhakiki unaoanzia kwao bado una kazi kubwa ya kufanya.